Hedifoni za kumsikilizia Tracy Chapman: kabla hujalipa, sikiliza kimya kwanza

Mwezi uliopita nimetoa laki na ishirini yangu kwa hedifoni za blututhi, boksi zuri, muuzaji ananiambia dada hizi ndo zenyewe, zina besi ya kufa mtu. Usiku watoto wamelala nikaweka ile albamu ya kwanza ya Tracy Chapman, yule mwimbaji Mmarekani wa gitaa, ya 1988, naijua toka kaseti ya baba, naijua mpaka pale anapovuta pumzi. Fast Car ikapita, ingawa lile gitaa la mwanzo lilikuwa limekaliwa na besi kama limefunikwa blanketi. Tukafika Behind the Wall, nikazivua.

Wimbo ule hauna chombo hata kimoja. Ni yeye na koo lake tu, hata dakika 2 haufiki, anasimulia mwanamke anayepigwa nyumba ya jirani, makelele yanapenya ukutani, polisi wakija wanakuja wamechelewa. Kati ya mstari na mstari ananyamaza, na hapo alipoachia ndo unabaki wewe na ule ukuta. Sasa kwangu mimi kimya hakikuwepo, kulikuwa na shiiii kama redio iliyotoka kwenye stesheni, na neno la kwanza kabisa la wimbo lilikuwa limemegwa, kama mtu kafungua mlango katikati ya maongezi.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya hedifoni za blututhi kuna kiamplifaya chake, yaani kikuza sauti, nacho kina mvumo wake, hata simu yako iwe ya bei gani. Ukipunguza sauti muziki unapungua, mvumo mara nyingi unabaki palepale. Halafu baadhi yake zikikuta kimya zinajizima ili zibane chaji, wimbo mwingine ukianza zinaamka zimechelewa, na Behind the Wall inaanza na sauti moja kwa moja, haina gitaa la kukuandaa. Kaseti ya baba nayo ilikuwa inavuma, ila ule mvumo ulitulia, haukuwa wa kujizima na kujiwasha, baada ya dakika mbili sikio limeshausahau.

Kwa hiyo mambo ya chaji inakaa saa ngapi, rangi, haziingii maji, sitayaongelea, yameandikwa kwenye boksi. Mimi naangalia kimya tu. Prodyuza David Kershenbaum aliwaweka kina Larry Klein kwenye besi na Denny Fongheiser kwenye ngoma nyuma ya Tracy, hawamsukumi, ngoma za Fast Car zinangoja mpaka kiitikio ndo zinafunguka. Ukiwa na hedifoni inayovimbisha besi ni kama mlango ulio wazi toka mwanzo, hakuna cha kufunguka tena.

Namba moja, na sitaki ubishi, Sony MDR-7506. Zipo toka 1991, ni za waya, na ndizo utakazowakuta nazo watu wengi wa redio na studio. Hazina betri wala amplifaya ndani, kwa hiyo zenyewe hazina cha kuvuma. Ukinzani wake, yaani ugumu wa kusukumwa na simu, ni omu 63, simu inazisukuma vizuri tu. Waya wake umejikunja kama wa simu ya mezani, ukiuvuta unafika kama mita 3, mzito kidogo, utazoea. Ni kali kwenye sauti za juu, kila "s" utaisikia, na mimi hiyo ndo naitaka, kwenye For You nasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Ngozi ya masikioni inachanika baada ya miaka, inabadilishwa, maisha yanaendelea. Simu isiyo na tundu la waya, tafuta kile kiadapta kidogo cha Apple cha USB-C, ni kisafi, maana adapta za ovyo zinakurudishia shii uliyoikimbia.

Namba mbili Sennheiser HD 600, toka 1997. Sauti yake ni pana na laini kuliko Sony, nakiri. Ila ni omu 300, simu inahema, utataka amplifaya ya pembeni, na ziko wazi nyuma kwa hiyo mwenzio kitandani anasikiliza na wewe.

Namba tatu Koss Porta Pro, za toka 1984, nyepesi, nzuri kwa pesa yake, besi imezidi kidogo.

Za elfu kumi na tano za waya zipo, zingine hazivumi kabisa, jaribu bahati yako.

Lakini utajaribu wapi sasa? Hapo ndo nachoka. Kariakoo nimezunguka maduka sita, kila mtu ananiambia dada ukifungua boksi umenunua. Duka moja wakakubali kunijaribishia, wakaweka singeli sauti mwisho, nikasema niwekee kitu cha taratibu nisikie kama inavuma, jamaa akanicheka, eti nani ananunua hedifoni asikilize kimya. Hiyo Sony kule Marekani inauzwa kama dola 100, hapa bei niliyotajiwa ilikuwa karibu mara mbili, na mwingine akanitolea feki, maandishi ya pembeni yamechapwa vibaya, anaapa kwa Mungu.

Kwa hiyo nenda na wimbo wako kwenye simu, umeshaupakua, usitegemee bando. Weka Behind the Wall kwa sauti ile unayosikilizia usiku, sio zaidi. Mwambie muuzaji azime feni. Akinyamaza Tracy, hesabu unachosikia. Ukisikia chochote kisichokuwa yeye, mrudishie boksi lake.