Laguna Madre: kwa miguu au kwa upondo?

Laguna Madre, ziwa la maji ya chumvi kando ya bahari kusini mwa Texas, Marekani, lina kina cha wastani wa kama mita 1 tu, na sehemu nyingi maji hayafiki magotini. Humo samaki mwekundu, yule mwenye doa jeusi karibu na mkia, huinamisha kichwa kufukua kaa na kamba hadi mkia unachomoza juu ya maji. Kuna njia mbili za kumfikishia nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya.

Ya kwanza ni mashua bapa isukumwayo kwa upondo. Msukumaji husimama kwenye jukwaa la nyuma, hivyo humwona samaki kutoka mbali, na asubuhi moja mnazunguka eneo kubwa. Lakini upondo ukigonga chini, au viwimbi vikipiga ubavu wa mashua, samaki anasikia na kutoweka. Tena ni ghali.

Ya pili ni kutembea majini. Unaona kidogo, maana macho yako karibu na maji na mng'ao wa jua unakusumbua. Ila samaki aliyezama kwenye kula unamnyatia hadi mita 10, unapiga goti, unamtua nzi taratibu shubiri moja mbele ya pua yake. Buruta nyayo, usizinyanyue: samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mwiba wake ni balaa.

Mimi nachagua miguu, hasa kwenye mchanga mgumu upande wa kisiwa cha Padre Island. Kwenye vinamasi vya Louisiana usithubutu, tope laini litakumeza hadi mapajani. Huko panda mashua.