Nimehama Chrome mara tatu, nimerudi mara mbili

Nina duka la steshenari mjini Morogoro, jirani na chuo. Natoa fotokopi, naskani vyeti, nalaminisha vitambulisho, lakini pesa ya msimu inatoka kwenye kompyuta mbili za pembeni ambako wanafunzi wanakuja kufanyiwa maombi: ya mkopo, ya chuo, ya ajira, ya TIN. Kwa hiyo kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo. Nakifungua saa mbili asubuhi, nakifunga saa mbili usiku, na kikisumbua nasikia kwenye droo ya pesa. Haya ni ya mtu wa kaunta, msiniulize maswali ya kitaalamu sana.

Nianze na ile herufi e. Mwaka 2007 nilikuwa msichana wa zamu kwenye intaneti kafe moja. Kompyuta nane, Windows XP zote, na kwenye kila skrini ile e ya bluu. Wateja wengi hawakuwa wanajua kwamba Internet Explorer ni programu kama programu nyingine. Kwao e ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, kila Jumamosi anakuja kusoma barua pepe za mwanawe aliyekuwa Uingereza. Namwamkia, ananiitikia, anakaa. "Haya, niwekee ile e, binti yangu."

Bosi akachoka na virusi vya kwenye fleshi na madirisha ya matangazo yanayorukaruka, akaweka Firefox kwenye mashine zote na kuziondoa zile e. Jumamosi ikafika. Mzee akamtazama yule mbweha aliyejiviringisha kwenye dunia, akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kunitia aibu: "Leo hakuna intaneti?" Nikamweleza. Hakuelewa, na wala hakuwa na sababu ya kuelewa. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeshabadilisha picha ya njia ya mkato kwenye mashine namba tatu: Firefox nimeivalisha e. Mzee alisoma barua zake kwa karibu miaka miwili ndani ya Firefox na hakujua.

Hiyo e haikufika kwenye kila skrini kwa kupendwa. Kabla yake mfalme alikuwa Netscape Navigator, iliyotoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata Microsoft wakaja na Internet Explorer, wakaigawa bure na baadaye wakaishona ndani ya Windows. Serikali ya Marekani ilipowafikisha mahakamani mwaka 1998, Netscape ilikuwa tayari iko taabani, na mwaka huohuo ikakubali kuuzwa kwa AOL, kampuni ya intaneti ya hukohuko Marekani. Kabla haijaenda ikaachia msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, kwa kila mtu, na kutokana na msimbo ule ukazaliwa mradi wa Mozilla, uliokuja kutuletea Firefox 1.0 tarehe 9 Novemba 2004. Kinachonichekesha ni Internet Explorer 6: ilitoka 2001, na toleo la 7 likaja 2006. Miaka mitano! Mwenye duka akibaki peke yake mtaani hata kufagia mlangoni anaacha.

Huku kwetu wengi tulibadilisha kivinjari kwa mara ya kwanza kwa sababu ya vocha. Kwenye Nokia yangu ndogo ya vitufe niliweka Opera Mini, kivinjari cha simu ndogo, na mpaka leo naiheshimu. Ukurasa ulikuwa hauji moja kwa moja kwenye simu. Seva za Opera ndizo zinauchukua, zinaukamua, zinakutumia mabaki mepesi, na Opera wenyewe walikuwa wakisema upungufu unafika asilimia 90. Vocha ya 500 ilikuwa inanipeleka siku kadhaa. Msimu wa matokeo ya kidato cha nne nilikuwa nakaa nje ya kafe na Nokia yangu nikiwasomea watu majibu wakati ndani foleni haisogei, maana kurasa za matokeo ya NECTA ni majedwali matupu na Opera Mini ilikuwa inazifungua upesi mno. Lakini ukurasa wenye vitufe vingi na menyu za kufunguka uliishinda. Na ukiwaza vizuri, ukurasa unaokamuliwa kwenye seva ya mtu umepitia mikononi mwake, hata ule wa benki. Enzi hizo nani alikuwa na mambo ya benki kwenye Nokia.

Chrome, kivinjari cha Google, ilitoka Septemba 2008, mimi nikaipata 2011 nilipofungua duka langu. Niseme ukweli, nilipenda siku ya kwanza. Sehemu moja juu, unaandika anwani humohumo na kutafuta humohumo. Kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofungua ndani ya dirisha lilelile, kinaendeshwa kivyake, kwa hiyo kimoja kikistaki unakiua peke yake na vingine vinaendelea. Kwa mwenye kafe hii ni neema. Mteja ameshajaza kurasa sita za fomu, halafu kichupo cha pembeni chenye video kinaganda. Zamani vyote vilikuwa vinakwenda na maji, na wewe ndiye unayetazamwa kwa jicho baya.

Neema hiyo ina bei yake. Kila kichupo kikiishi kivyake kinakula RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mwaka 2013 kompyuta zangu zilikuwa na RAM ya 2GB, na vichupo kumi vikiwa wazi feni inalia kama mashine ya kusaga. Kosa ni la kompyuta zangu za mtumba, sitamlaumu mtu. Nikahamia Firefox. Nikakaa kama mwaka hivi.

Kilichonirudisha ni simu. Nilinunua Android yangu ya kwanza, na Chrome ilikuwa tayari imekaa kwenye skrini. Nikaingiza akaunti yangu ya Gmail, na mara manenosiri yangu yote ya zamani yakaja yenyewe. Sikukaa kulinganisha wala kupima. Ilikuwepo tu, kama ile e ya yule mzee. Tume ya Ulaya iliwapiga Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018, na moja ya mambo iliyoyalalamikia ni kuwalazimisha watengenezaji wa simu kuweka Chrome na programu ya utafutaji ya Google kama wanataka duka la Play. Microsoft nao kabla ya hapo walitakiwa huko Ulaya wawaonyeshe watumiaji wa Windows ukurasa wa kuchagua kivinjari, ukurasa ukapotea kwenye toleo moja la Windows 7, ikawa faini ya euro milioni 561 mwaka 2013. Watu hawalipi pesa za namna hiyo kwa sababu ya kitu kisicho na faida. Anayekukuta mlangoni ndiye anayekuuzia.

Safari ya pili ilikuwa Novemba 2017, Firefox Quantum. Nilisikia kwamba wameijenga upya iwe na kasi, nikajaribu, na kweli ilikuwa nyepesi kuliko ile niliyoiacha. Nikawaambia hadi wateja. Halafu ikaja siku ya mwisho ya maombi kwenye mfumo mmoja ambao sitautaja. Saa nne usiku, dada mmoja wa mwaka wa kwanza amekaa mbele yangu, kila kitu kimejazwa, vyeti vimepakiwa. Anabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kimya. Anabonyeza tena. "Dada, hakibonyezeki." Nikapakia ukurasa upya, fomu ikafutika. Tukajaza tena yote, mikono inatetemeka, kimya vilevile. Nikafungua Chrome, tukajaza mara ya tatu, kitufe kikaitika mara moja. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja. Alilia kidogo, halafu akacheka, halafu akataka kunilipa mara tatu nikakataa.

Firefox haikuwa na kosa pale. Aliyetengeneza mfumo ule aliujaribu kwenye Chrome tu akaona kazi imeisha. Enzi za kafe tulikuwa na tovuti zilizoandikwa kabisa chini kwamba zinafunguka vizuri kwa Internet Explorer, tukawa tunazilaani. Leo hawaandiki, unagundua mwenyewe saa nne usiku. Kesho yake asubuhi nilirudi Chrome.

Watu wananiambia: basi tumia Opera, tumia Edge, tumia Brave, kuna chaguo kibao. Ni kama stendi ya daladala, moja ina rangi ya bluu, nyingine kijani, moja ina muziki, nyingine ina feni, ukifungua boneti unakuta injini ileile. Injini ya kivinjari ndiyo inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona. Opera iliachana na injini yake mwaka 2013. Edge ya Microsoft, haohao waliomwangusha Netscape, ikahamia kwenye Chromium, msingi uleule wa Chrome, Januari 2020. Brave na Vivaldi humo humo. Kwenye iPhone ndiyo kichekesho zaidi: Apple inataka vivinjari vyote vitumie injini yake ya WebKit, kwa hiyo mdogo wangu aliyeweka Chrome kwenye iPhone yake amebadilisha kanga tu, mwili ni wa Safari, kivinjari cha Apple. Ulaya wamefunguliwa mlango tangu Machi 2024 kwa sababu ya sheria yao. Sisi bado.

Sasa hii ya tatu, ambayo nadhani ndiyo nitakaa nayo.

Mwaka jana nilikuwa nasafisha kompyuta ya wateja, nikafungua ukurasa wa manenosiri yaliyohifadhiwa. Nikashusha chini. Nikashusha tena. Barua pepe za watu, akaunti za mikopo, akaunti za ajira, za wanafunzi wengine waliokwishamaliza chuo na kuondoka. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, mteja mwenye haraka anabonyeza ndiyo, na mimi sikuwahi kukizima. Miaka yote hiyo mtu yeyote angekaa pale akawafungulia watu maisha yao. Kosa ni langu kabisa. Nilifunga duka mapema siku hiyo.

Kompyuta za wateja sasa zina Firefox iliyowekwa isikumbuke historia kamwe. Ni mpangilio mmoja kwenye sehemu ya faragha: ukiifunga Firefox tu, historia inafutika na akaunti zilizoachwa wazi zinafungwa, wala huhitaji kumkumbusha mteja atoke kwenye akaunti yake.

Kwenye simu yangu sababu ni tofauti, ni bando. Chrome ya Android haipokei viendelezi, vile vijiprogramu vya kuongeza ndani ya kivinjari. Firefox ya Android inapokea, na cha kwanza nilichoweka ni uBlock Origin, kinachozuia matangazo. Bando la wiki lililokuwa linaishia Ijumaa sasa linanifikisha Jumapili, na zile kurasa za habari zenye matangazo yanayofunika maandishi nimeanza kuzisoma tena. Kwenye kompyuta nilikuwa nacho ndani ya Chrome, lakini Google wamebadilisha kanuni za viendelezi, na kati ya 2024 na 2025 uBlock Origin kamili ikazimwa humo. Kilichobaki ni toleo jepesi. Kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayotengeneza kivinjari, sijui tulitarajia nini.

Kuhama kwenyewe hakukuchukua hata nusu saa. Firefox ya kompyuta inajichukulia yenyewe alamisho, yaani kurasa ulizozihifadhi, kutoka Chrome. Ukichagua njia ya kuyatoa manenosiri kwenye faili la CSV, kumbuka faili hilo ni maandishi ya wazi, mtoto wa darasa la tano anaweza kulisoma. Lifute ukimaliza, na ulifute hadi kwenye pipa la taka. Usilitume WhatsApp. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Malalamiko ninayo pia. Kwenye simu yangu ya bei nafuu Firefox inachelewa kufunguka kuliko Chrome, na video nikishikilia kuisogeza mbele wakati mwingine inakatakata. Na kuna hili la pesa: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla inatoka kwa Google, wanaolipa ili injini yao ya utafutaji ndiyo iwe ya kwanza humo. Google haohao, kwa mujibu wa kesi iliyoamuliwa Washington mwaka 2024, waliwalipa Apple karibu dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 pekee ili wakae kwenye Safari. Kwa hiyo mimi niliyemkimbia Google nimelala nyumba ambayo Google ndiye anayelipa kodi. Naijua hiyo, na bado nimelala.

Nani asihame? Kama simu yako ina kila kitu ndani ya akaunti ya Google, unafanya kazi kwenye Docs kutwa nzima, na matangazo hayakusumbui, utahangaika bure. Mama yangu nimemwachia Chrome yake. Amezoea iko wapi, ameibadilisha lugha iwe Kiswahili, na alinipigia simu kuniuliza "kichupo" ni kitu gani, akasema kwao Tanga chupa ndogo ndiyo huitwa hivyo.

Chrome ipo bado kwenye kompyuta moja, nimeificha ndani ya folda yenye jina la ule mfumo. Dirisha la maombi likifunguliwa tena nitakaa na Firefox kwanza, mchana, siku ya kwanza, nione kile kitufe kama wamekirekebisha.