Kapeti la nyasi uani, Dodoma: jani la milimita 30 na ufundi wake

Makapeti ya nyasi bandia hutofautiana kwanza kwa urefu wa jani. Kwa uwanja wa nyumbani Kisasa, Ilazo au Iyumbu, chukua la milimita 30. La 20 ni la varanda na kumbi. Nje jani likilala kidogo tu, mgongo mweusi unaonekana. La 40 linapendeza dukani, lakini hulala likikanyagwa na hushika vumbi, na kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la mji huu halihitaji kusaidiwa.

Kabla ya kulipa, ligeuze. Matundu ya mgongoni yawe yamezibuka: mwaga kikombe cha maji uone kama yanapita. Shika fungu moja la majani kwa koleo uvute. Likichomoka kirahisi, gundi ya mgongo ni hafifu. Uliza jani ni polietilini au polipropilini. La kwanza ni laini na linainuka tena, la pili ni kavu zaidi, na lolote lisilo na kinga ya jua litakatika kama majani makavu. Dhamana ya jua iandikwe kwenye risiti. Ya mdomo haina kazi.

Kwa bidhaa, hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni huduma ya kutandika inayouzwa pamoja nayo, ambayo mara nyingi ni reki, toroli mbili za mchanga, kisha kapeti juu. Inapendeza mpaka Desemba. Mvua za hapa si nyingi kwa mwaka, ila zikija zinashuka kwa kishindo. Maji yanaubeba ule mchanga, na kapeti linabaki na mabonde.

Chukua uwanja wa mita 8 kwa 5. Chimba sentimita 10 na kung'oa mizizi yote. Penye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi, nenda 15 na uongeze kokoto kujaza hizo 5 za ziada. Tandika jiotekstaili, kile kitambaa kinachopitisha maji, moja kwa moja juu ya udongo ili kokoto zisizame. Weka kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake, ziwe sentimita 8 baada ya kushindiliwa: agiza mita za ujazo 4, maana zikishindiliwa zinabaki kama 3.2. Mwagia maji, shindilia kwa kompakta, ile mashine ya kushindilia, kwa matabaka mawili. Juu yake sentimita 2 za vumbi la kokoto, yaani mita moja ya ujazo hivi, upitishe rula ndefu. Kila mita ishuke sentimita moja na nusu kutoka ukuta wa nyumba. Kwenye mita 5 ni sentimita 7.5. Fundi akikwambia uwanja uwe bapa kabisa, mwulize maji yataenda wapi.

Roli nyingi ni za mita 2 kwa 25. Vipande vinne vya mita 5.2 vinaonekana kutosha kabisa, na hapa ndipo hesabu huwaumbua wengi. Kila ukingo unaoungwa lazima ukatwe sentimita 2 hadi 3 ili kutoa mistari ya majani iliyoharibika kiwandani. Viungio vitatu, kingo sita: umepoteza kama sentimita 15. Jenga ukingo wa zege wa sentimita 10 kila upande ndani ya kipimo, upana wa kufunika ubaki mita 7.8, na tatizo limekwisha. Usitumie mbao pembeni. Mchwa wa Dodoma hawana haja na plastiki, ila ubao watamaliza.

Majani ya vipande vyote yaelekee upande mmoja. Kimoja kikigeuzwa, rangi yake inatofautiana na hakuna dawa. Litandaze kapeti saa kadhaa lilegee, kisha kata na kuunga asubuhi. Likikatwa saa saba mchana limetanuka. Usiku linanywea na mshono unafunguka. Acha milimita 2 au 3 kati ya migongo. Chini pawe na tepu ya upana wa sentimita 30 na gundi ya polyurethane, si misumari pekee. Gundi ya kopo moja hukauka kwa unyevu wa hewani, na Agosti hapa unyevu ni haba, kwa hiyo panga viroba vya mchanga juu ya mshono mpaka kesho yake. Upepo wa mchana ukileta vumbi juu ya gundi mbichi, umeunganisha vumbi na vumbi.

Mwisho mwaga mchanga wa silika, kilo 6 kwa mita ya mraba, jumla kilo 240, ukipiga brashi kinyume cha jani. Mchanga wa korongoni usiooshwa una udongo. Ukilowa unaganda na kuziba matundu.

Usafi ni fagio gumu kwanza, maji baadaye. Ukianza na maji unatengeneza tope. Jiko la mkaa likae mbali, cheche moja inatoboa.

Jua la saa sita lina neno la mwisho. Kapeti hili linaweza kupita nyuzi joto 60, mtoto peku hakanyagi, na kulimwagia maji kunasaidia kwa muda mfupi tu. Uwanja usio na kivuli cha mwarobaini au ukuta wa magharibi, unaotumika mchana, upewe matofali ya pevingi.