Trena ya baiskeli ya ndani, kwa wenye muda kidogo: inunueni

Wadau wa triathloni fupi, ile ya kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na mbio kilomita 5, hii trena ya mafuta (si petroli, ni mafuta mazito yamefungiwa ndani yanayoipa uzito wa kukanyaga) naipenda sana jamani. Ni stendi tu, unafunga gurudumu la nyuma linazungusha rola, na vile unazidi kukanyaga ndivyo inazidi kuwa nzito yenyewe. Haitumii stima kabisa so hata zikipotea unaendelea.

Sisi wa Nairobi tunatoka job jam imetumaliza, kupanda baiskeli Thika Road saa mbili usiku hapana. Hapa napasha misuli dakika 5, halafu dakika 3 nguvu zote, 2 pole pole, hiyo raundi nafanya mara tano, halafu dakika 10 za kupoa nashuka. Dakika 40 imeisha. Hakuna mteremko wa kupumzikia, miguu inafanya kazi mwanzo mwisho. Na ukishuka uvae raba hapo hapo utoke ukimbie kidogo mtaani, ile miguu mizito ya mwanzo mwili unaizoea kabla ya mashindano.

Ubaya, inakula tairi la nyuma vibaya, unaona kabisa vumbi jeusi chini ya rola, so weka tairi kuukuu. Jasho nalo linamwagika kwa fremu na chumvi yake inaleta kutu, tandika taulo juu ya usukani. Inavuma pia, kama unaishi ghorofani weka mkeka mzito. Kukata kona haifundishi, wikendi lazima utoke nje mapema.