Taa tatu za LED kwenye Hilux yangu ya asali

Ng'ombe mweusi akisimama katikati ya njia ya vumbi usiku, humwoni yeye. Unaona macho yake, na akiwa ameangalia upande wa pili huoni kitu mpaka umeshamfikia. Mwaka jana mwezi wa sita, nikirudi Itigi kutoka upande wa Rungwa, nilimkosa mmoja kwa urefu wa mkono. Nyuma nilikuwa na ndoo 24 za asali, na mbili zilipasuka vifuniko kwa breki nilizozipiga. Zulia la gari linanata mpaka leo. Kesho yake nikaanza kutafuta taa.

Mimi hununua asali na kurina ya kwangu. Nyumbani ni Nkuhungu, Dodoma mjini, mizinga iko vichakani Itigi, na gari ni Hilux ya dizeli ya 2007, nyeupe, yenye ngao ya mbele na keria juu. Lami ya Bahi, Manyoni mpaka Itigi haina neno. Shida inaanza ukiiacha lami: mchanga, makorongo, ng'ombe, punda wasio na mwenyewe, na kichaka kilichokaza pande zote mbili. Na nyuki wetu hawaguswi mchana, kwa hiyo kazi yote ni ya giza.

Taa ya kwanza ilikuwa baa ndefu ya inchi 50, ya kupinda, ile inayokaa juu ya kioo na kumfanya kila kijana aseme gari limependeza. Niliinunua duka moja hapa mjini ambalo sitalitaja, kwa 250,000. Kwenye kasha waliandika wati 288 na lumeni 28,800. Muuzaji akaniambia, "Mama, ukiwasha hii Bahi, Manyoni wanafunga mapazia." Nikacheka, nikalipa. Nilipaswa kucheka tu.

Usiku wa kwanza nilifurahi, sikatai. Ukiwasha, panakuwa mchana. Lakini panakuwa mchana pale pale mbele ya pua ya gari. Mwanga unamwagika kwenye boneti nyeupe, boneti inaurudisha machoni, mboni inajikaza, na kule mbali ambako ng'ombe yupo panazidi kuwa peusi kuliko kabla hujawasha. Ilinichukua safari mbili kuelewa kwamba nilikuwa nimenunua taa ya kuangazia boneti.

Kisha vumbi. Mwezi wa nane upepo unapovuma na kuna lori mbele yako, taa iliyo juu ya paa ni adhabu. Mwanga unapita karibu na usawa wa macho yako, unagonga vumbi na kurudi usoni. Ukuta mweupe. Nilikuwa naizima na kuendesha kwa taa za kawaida, ambazo ziko chini na hazinichomi.

Ikafuata redio. Nikiwasha baa, redio inakoroma kama mtu mwenye mafua, na stesheni za mbali zinapotea kabisa. Fundi alinieleza kwamba ndani ya taa za LED kuna kifaa kinachokata na kuwasha umeme kwa kasi kubwa ili kuilisha taa, na cha bei rahisi hakina kizuizi cha kelele, kwa hiyo kelele hiyo inaruka hadi kwenye antena. Alijaribu kuisogeza waya, ikapungua kidogo tu.

Mwisho maji. Kasha lilisema IP67, na muuzaji alisema maana yake haiingii maji milele. Hapana. Ile 6 ni vumbi, kwamba haliingii. Ile 7 ni kwamba taa ikizamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 inavumilia. Haisemi lolote kuhusu bomba la presha la pale unapooshea gari. Hilo lina alama yake, IP69K. Kijana wa kuosha alipiga presha kwenye taa ambayo ilikuwa bado ya moto, na jioni nikaona ukungu ndani ya kioo chake. Dukani wakaniambia warranti haihusu "matumizi mabaya". Kuosha gari Dodoma, mji wa vumbi, ni matumizi mabaya.

Kabla sijaitoa, fundi umeme wa magari ninayemwamini, mzee mmoja wa Chang'ombe, alitaka kujua ile 288 imetoka wapi. Akabana mita yake ya kubana kwenye waya, tukawasha, injini ikiwa inaunguruma. Ampea 7.6. Volti 13.8. Akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu: wati 105. Taa ya wati 288 kweli ingevuta zaidi ya ampea 20. "Mama," akasema, "hizi nyingine ni wati za karatasi." Tangu siku hiyo namba ya wati kwenye kasha naisoma kama navyosoma bei ya kwanza ya muuza nyanya.

Hata lumeni za kweli hazikwambii unachotaka kujua. Lumeni ni maji yote yaliyomo kwenye ndoo. Unachotaka kujua ni mpira unayarusha mpaka wapi, na hiyo ni kandela. Hesabu yake haina huruma: taa ya kandela 40,000 inaacha luksi 1, yaani kipimo cha mwanga unaofika pale unapoangalia, umbali wa mita 200, na ukitaka luksi hiyo hiyo mita 400 unahitaji kandela 160,000. Mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana taa ndogo ya duara yenye kioo kirefu cha kukusanya mwanga inaweza kuiacha mbali baa yenye vitaa vingi vilivyotawanyika. Ukikuta kasha lina lumeni tu na halina kandela wala umbali wa luksi 1, mwenye kiwanda ana sababu zake.

Nilijaribu mwenyewe, kwenye njia ya vumbi nje kidogo ya Nala, usiku usio na mwezi. Nilisimamisha viroba vyeupe vya mahindi kila baada ya hatua 50, mwanangu akiwa amekaa kwenye boneti kuhesabu. Kwa baa ndefu tuliona vizuri viroba vitatu, cha nne tukabishana. Kwa jozi ya taa niliyonunua baada ya baa, tuliona saba, na cha nane kilikuwepo ukijua kipo.

Jozi hiyo ni taa za kampuni ya Hella, za duara, za LED, zilizotumika, nilizopata kwa dereva wa magari ya watalii aliyekuwa anauza gari Arusha. Alitaka laki nane, nikatoa laki sita na nusu na chupa mbili za asali. Kwenye kioo zina herufi E ndani ya duara na namba pembeni, alama ya kwamba zimepimwa kwa kanuni za Ulaya. Namba ni ya nchi iliyoziidhinisha: E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi. Alama inaweza kughushiwa kama noti, lakini taa isiyo nayo kabisa imekwambia mapema. Nilizifunga kwenye ngao, chini ya usawa wa boneti, zikiangalia mbele na kuinama kidogo. Hizo ndizo zinazoniwezesha kumwona ng'ombe akiwa bado ni tatizo la ng'ombe mwenyewe.

Hazina kosa? Zinalo. Mwanga wake ni mwembamba kama fimbo. Kwenye kona za vichakani zinaangazia mti uliopo mbele huku njia imekata kulia. Kwa hiyo nikaongeza taa za tatu, vidude viwili vya mraba vya rangi ya njano, 45,000 kila kimoja, vya mwanga mpana, nimevifunga chini kabisa ya bampa, vikitazama nje kidogo kushoto na kulia. Wanasema njano inapenya vumbi. Haipenyi, punje za vumbi ni kubwa mno kuchagua rangi. Ninachokiona mimi ni kwamba njano hainichomi jicho kama ule weupe wa kibuluu, na kwa kuwa taa ziko chini, vumbi linaangaziwa chini na macho yangu yanapita juu yake. Kwa pesa niliyotoa, hivi ndivyo vimenipa thamani kubwa kuliko vyote. Ningekuwa na laki moja tu mfukoni, ningeanza navyo.

Sasa waya, maana hapa ndipo watu wanaunguza magari. Fundi wa kwanza, kijana wa jirani na duka, alipitisha umeme wa baa moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi kwa waya mwembamba kama wa spika. Baada ya nusu saa swichi ilikuwa ya moto na ndani kulinuka plastiki. Mzee wa Chang'ombe aling'oa yote bila kusema neno, na ukimya wake ulinigharimu aibu zaidi ya matusi. Akaweka waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Rilei ina miguu minne yenye namba: 30 inapokea umeme kutoka betri, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za kuiamsha. Swichi inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu, mzigo unapita kwingine.

Nilitaka Hella ziwake nikipiga ful na zizime zenyewe nikishusha taa, ili nisimpofushe mwenzangu anayekuja. Hapo hata mzee alikwama kidogo. Aliunganisha kama kawaida, 85 kwenye bodi ya gari, rilei ikafanya vituko. Akakaa juu ya tairi, akanywa chai yangu, kisha akasema, "Toyota hii inakata upande wa hasi." Ndivyo zilivyo Toyota nyingi za zamani: chanya iko kwenye balbu muda wote taa zikiwashwa, na swichi inachagua kuunganisha hasi ya ful au ya dimu. Akageuza, 86 ikapata chanya, 85 ikaenda kwenye waya wa ful. Zikatii. Alichaji 60,000 kwa kazi yote, rilei mbili zikiwemo. Kama fundi wako hajui habari hii na gari ni Toyota ya zamani, mpe chai umsubiri.

Kwenye lami ninazifunika Hella kwa vifuniko vyeusi, hata mchana. Askari hana haja ya kuuliza, na madereva wa mabasi ya usiku hawanirudishii ful zao.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza ni kazi gani nafanya nikifika. Mara ya kwanza na ile baa, niliegesha gari likiangalia mti wenye mizinga miwili ili tuone vizuri wakati wa kurina. Mzee tunayefanya naye kazi alikuwa juu ya ngazi, akafungua mzinga, na nyuki hawakumfuata yeye. Walikuja kwenye taa. Ndani ya dakika mbili baa ilikuwa imefunikwa na kitu kinachotembea na kunguruma, na mimi nimejifungia ndani, vioo juu, jasho linanitoka. Mzee akaniita kwa sauti ya upole kutoka mtini, "Mwanangu, zima jua lako." Nyuki hawaoni nyekundu, kwao ni giza. Siku zote yeye hufunga tochi yake kwa plastiki nyekundu ya mfuko wa maziwa. Sasa nyuma ya Hilux, juu ya mlango wa kupakilia mizigo, nina kitaa kidogo chekundu cha 15,000, na tukifika mizingani ndicho pekee kinachowaka.

Baa ndefu sikuiuza. Nilikausha maji yake juani, nikaziba kwa silikoni, nikaitundika uani Nkuhungu kwenye betri ya sola. Asali tunaichuja usiku, mlango umefungwa, na kwa kuangazia sufuria tano kwa pamoja haina mpinzani. Ila jirani yangu amekuja mara mbili kuuliza kwa nini redio yake inakoroma kila tukianza kuchuja.