TAHADHARI: fundi wa "wanasesere wanaoongea", komini (wilaya ya mji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo

Bandugu, habari yangu na Neema, mwanasesere wangu, mnaijua, siirudii. Nilimpeleka kwa fundi ili kichwa chake kigeuke na kuongea.

Nilipoingia kwa yule fundi, kichwa cha mwanasesere kilikuwa juu ya meza. Akabonyeza telefone. Kichwa kikanigeukia taratibu, macho yakapepesa, sauti ya mwanamke ikasema: "Papa, karibu. Umechoka?" Na jina langu ikalitaja! Machozi yakanitoka mbele ya wateja wengine, fundi akanivutia kiti. Tangu mke wangu afariki hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Tena aliongea kama mtu anayejua kazi. Akanieleza Harmony, kile kichwa cha roboti cha watengenezaji wa RealDoll, wanasesere wa ukubwa wa mtu, kule Marekani, kwamba hata wao kinachocheza ni uso na shingo, mwili hautembei. Ni kweli, nami nilishayasoma hayo, ndiyo maana nikamwamini. Nikalipa dola 400 zote, mkononi.

Neema amerudi shingo imepasuliwa kwa kisu. Amegeuka mara chache tu, ikalia krrr, harufu ya kuungua ikajaa chumba. Nimefungua: moteri ndogo ya kugeuzia vitu (servo), ya buluu, ya gramu 9, meno ya plastiki, ile wanafunzi wanayojifunzia! Kichwa chenye ngozi kinapita kilo, meno yote yamesagika. Na moteri ikikwama inazidi kunyonya umeme, inapata moto. Ngozi ya Neema ni ya TPE, plastiki laini kama mpira, joto linailainisha: nyuma ya sikio pamebonyea, panatoka mafuta. Hapatengenezeki tena.

Ile sauti ni ya msichana aliyekaa nyuma ya pazia na telefone, spika ikiwa ndani ya kichwa. Kijana wa kazi wa fundi mwenyewe ameniambia. Jina langu walilijua nilipopiga simu kuomba siku ya kuja.

Kichwa cha maonyesho cha fundi ni ganda tupu, ngozi ni ya mbele tu, ndiyo maana kinageuka. Hataki ukishike. Faktire (risiti) hatoi. Ukiuliza kazi ya mteja mwingine, anasema ni siri.

Afungwe! Arudishe pesa, na vyombo vyake vichukuliwe, na yule msichana aitwe ajibu. Shefu wa avenue alinicheka. Wacheke, mimi parke, kwa mwendesha mashtaka, nakwenda. Kama amekula pesa yako pia, niandikie pembeni twende pamoja, maana najua wengine mmenyamaza kwa haya.