Bakteria wa shamba la chumvi: nimewatumia misimu miwili, nawapa nyota 3

Nalima nyanya Kahe, huku chini ya Moshi, na anayezijua ardhi za magadi hahitaji kuelezwa, maji yakikauka tu mgongo wa tuta unabaki mweupe kama umemwagiwa unga, unapanda miche leo wiki ijayo majani yashaungua pembeni. Nilipima udongo, EC (kipimo cha wingi wa chumvi) ikasoma 5.2, na nyanya ikipita 2.5 mavuno yanaanza kushuka, yaani nilikuwa nafuga hasara.

Duka la pembejeo wakaniuzia pakiti ya hao bakteria, Pseudomonas fluorescens, unga laini kama poda ya mtoto. Ya kwanza niliiua mwenyewe aisee. Niliiacha kwenye kibanda cha bati jua la saa nane, halafu nikaichanganya kwenye bomba moja na dawa ya ukungu yenye kopa (madini ya shaba), inayoua bakteria. Hawa ni viumbe hai jamani, sio busta (mbolea ya maji ya kupulizia). Sikuona kitu, nikamtukana muuzaji bure.

Msimu uliofuata pakiti nyingine nikaiweka kando ya mtungi kwenye ubaridi, jioni nikaloweka mizizi ya miche nusu saa ndo nikapanda, na baada ya wiki mbili nikamwagia tena shinani. Sasa kijana wangu mchanganyiko ukamwishia, mistari mitatu ya mwisho akapanda hivyohivyo akanyamaza kimya, na hiyo ndo ikawa kipimo changu maana kwenye mistari ya bakteria yenye miche 40 ilikufa mitano sita, kwenye ile mistari mitatu miche ilikufa karibu nusu. Nikang'oa mche mmoja huku mmoja kule: wa bakteria mizizi imejaa vinywele na udongo umegandia, unaukung'uta hautoki, ule mwingine kamzizi ka kahawia kama mkia wa panya.

Bwana shamba alinieleza kwamba mmea ukibanwa na chumvi unatoa ethilini kwa wingi, gesi ileile inayoivisha ndizi, na ikizidi inadumaza mizizi. Hawa bakteria wanakula malighafi yake kabla haijawa gesi, na wanatoa utelezi unaonata na kushika sodiamu kidogo.

Kilichoniudhi ni pakiti kuandikwa "huondoa chumvi". Haiondoi! Nimepima tena, EC palepale. Chumvi inatoka kwa kuchimba mtaro na kuiosha na maji safi, na kwa magadi unaweka kwanza jasi (sisi tunaifuata Makanya) pamoja na samadi. Bakteria wanausaidia mche uvumilie tu. Na matunda, mengi ndio, ila madogomadogo.

Nyota moja nimekata kwa huo uongo, nyingine kwa sababu pakiti haina tarehe ya kuisha. Msimu huu nimenunua mbili, zipo pale kwenye mtungi, mke wangu kaziandika kwa maka peni SI PODA maana tuna mtoto wa miezi minne.